Unasoma Nini Sasa? Namna ya Kuwaeleza Wenzako Kitabu Ambacho Bado Hujakimaliza

Swali la maneno matatu, "unasoma nini sasa?", ni miongoni mwa maswali ambayo wasomaji huulizana kila wakutanapo, na aghalabu hujibiwa vibaya. Anayeulizwa hutaja jina la kitabu, huongeza kwamba ni kizuri, na mazungumzo hufia hapo, kwa kuwa aliyeuliza hakuachiwa pa kushika. Si kwamba msomaji huyo hana la kusema. Huenda usiku uliopita alikesha na kitabu hicho mpaka macho yakamuuma. Kinachomfunga ulimi ni dhana kwamba ameombwa atoe hukumu, na hukumu hana, kwa sababu kitabu bado hajakimaliza.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja ambalo nimelishika baada ya miaka mingi ya kuelezana vitabu na wenzangu. Kumweleza mtu unachokisoma sasa si uhakiki mfupi, wala si muhtasari uliokatizwa njiani. Ni ushahidi wa mtu aliye katikati ya kitabu, na thamani yake imo katika kule kutomaliza. Mhakiki anaujua mwisho, na akishaujua hawezi tena kukuambia kwa uaminifu jinsi sura ya nne ilivyomwelemea kabla ya sura ya tano kuibadili maana. Wewe unaweza, ila kwa siku chache tu, maana ukishafunga ukurasa wa mwisho nafasi hiyo haikurudii.

Sema ulipofika

Kiswahili kimetujalia njia nyingi za kusema msomaji yuko wapi, na ni vyema kuzitumia kwa uangalifu. "Nimeanza kusoma", "nasoma", "nimekwama", "narudia kusoma", "sijamaliza" na "nimeshamaliza" ni kauli sita zenye habari sita tofauti, na msikilizaji makini huzipima zote. Anayesema "nimekianza juzi" anaomba asiambiwe kitu. Anayesema "nimekwama" anaomba msaada, au walau anaomba kusikia kwamba wengine nao walikwama hapohapo. Anayesema "narudia" ametoa sifa kubwa kuliko neno "kizuri", hata kama hakukusudia kusifu.

Kosa kubwa zaidi ni kusema "nimekisoma" ilhali bado uko ukurasa wa 40. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kulifanya. Mtu niliyemheshimu sana aliniuliza kuhusu riwaya moja nene niliyokuwa nimeianza, nikamjibu kwamba nimeisoma. Uso wake ukachangamka, akaniuliza nilionaje barua ya yule mama. Barua hiyo ilikuwa mbele sana, katika sura ambazo sikuwa nimezifikia, lakini nikatikisa kichwa nikasema ilinigusa. Miaka kadhaa baadaye niliimaliza riwaya ile, nikaikuta barua, ikanigusa kweli, na sikuwa na mtu wa kumwambia, maana kwake yeye nilikuwa nimeshaisema. Mazungumzo ambayo yangekuwa bora kuliko yote niliyowahi kuwa nayo juu ya kitabu niliyatoa kafara kwa neno moja la uongo.

Kwa hiyo taja mahali, na ulitaje kwa kipimo ambacho mwenzako anaweza kukifuata. Namba ya ukurasa inafaa ikiwa nyote mna toleo lilelile. La sivyo taja sura, kwa sababu toleo la jalada gumu na lile la jalada laini huweza kupishana kwa makumi ya kurasa. Anayesoma kwenye simu au kishikwambi mara nyingi huonyeshwa asilimia badala ya ukurasa, na anayesikiliza kitabu kilichosomwa kwa sauti ana saa na dakika tu. Mwambie mwenzako uko asilimia 30, au saa ya tatu kati ya kumi, naye atakadiria. Ikiwa mnataka kuhakikisha kwamba mnashika toleo moja, angalieni namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, iliyo nyuma ya jalada au kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji. Tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13, na kabla ya hapo ilikuwa na 10, kwa hiyo kitabu cha zamani chenye namba fupi hakina kasoro.

Kitabu kikiwa cha tafsiri, mtaje mfasiri pamoja na mwandishi. Hili wasomaji wengi hulipuuza, nami naona ni dhuluma, kwa sababu kila neno unalolisoma na kulipenda limechaguliwa na mfasiri. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah iitwayo Paradise ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Mwandishi akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya hiyo ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Msomaji anayesema kwamba anasoma Peponi na kwamba sentensi zake zinamtiririkia kama maji anazungumzia kazi ya watu wawili, na hana budi kuwataja wote wawili.

Andika siku ileile

Kabla ya kumweleza mtu yeyote, jieleze mwenyewe kwa maandishi, na usingoje. Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi yake hupungua. Kitabu si orodha ya silabi tupu, na hadithi njema hushika akilini kuliko hizo, lakini anayesoma kila siku anajua kwamba kinachotoroka kwanza ni kile hasa kinachofaa kusimuliwa: swali dogo lililokujia ukurasa wa 60, hasira iliyokupanda juu ya mhusika fulani, neno ulilotaka kulitafuta kwenye kamusi. Kisa kwa ujumla utakikumbuka hata baada ya mwezi, ilhali jinsi ulivyokuwa ukikisoma huondoka kabla ya wiki kuisha.

Mwanasayansi Charles Darwin, kwa kazi nyingi alizokuwa nazo, alitunza madaftari ya usomaji kuanzia mwaka 1838 hadi 1860, akiorodhesha vitabu alivyotaka kuvisoma na vile alivyokwisha kuvisoma. Wewe huhitaji daftari kubwa. Mimi hutumia kipande cha karatasi chenye upana wa vidole vitatu, ambacho ndicho pia alamisho yangu, kwa hiyo hakipotei wala sikisahau, maana siwezi kufungua kitabu bila kukigusa. Nakiandika kwa penseli. Kimoja kilichomo katika riwaya niliyo nayo sasa kina mistari hii: "uk. 63, kwa nini haulizi jina lake? Uk. 88, mvua tena, mara ya tatu. Uk. 91, nadhani ameongopa. Uk. 112, sikuongozwa vyema, hakuongopa." Maneno hayo hayamfai mtu mwingine yeyote, lakini nikiulizwa ninasoma nini, mistari hiyo minne ndiyo inayonipa la kusema. Mstari wa nne ukisomwa pamoja na ule wa tatu unaonyesha msomaji aliyebadili mawazo, na hakuna habari ya kitabu iliyo tamu zaidi kuliko hiyo.

Andika machache. Anayeandika kila kitu huacha kusoma akawa karani. Nukuu tatu au nne kwa sura ndefu zinatosha, na sura ikipita bila kukupa la kuandika, iache ipite.

La kusema na la kuacha

Tuchukue mfano. Mtu anasema: "Nasoma Kusadikika ya Shaaban Robert. Ni kitabu kizuri sana, kina mafunzo mengi, na Kiswahili chake ni cha hali ya juu." Kila neno katika jibu hilo ni kweli, na hakuna hata moja lililotoka katika kitabu. Lingeweza kusemwa na mtu aliyetazama jalada tu.

Msomaji wa pili anasema hivi: "Nasoma Kusadikika kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilikimeza kwa ajili ya mtihani, na nilichobaki nacho ni majina ya wahusika. Sasa nimefika pale Karama, aliyeshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, anapojitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliowahi kutumwa nchi nyingine. Kinachonishughulisha ni wale wanaomsikiliza. Mbona wanamwacha aseme yote hayo? Nadhani mwandishi ametuketisha pamoja nao tupimwe usikivu wetu, lakini bado sina hakika."

Jibu hilo halikuchukua hata dakika moja, na ndani yake mna mambo manne ambayo msikilizaji anaweza kuyashika. Limesema uhusiano wa msomaji na kitabu, yaani kwamba anakirudia, na kwa nini. Limesema alipofika. Limechagua jambo moja tu kati ya mengi. Limemalizia kwa shaka ambayo bado haijatatuliwa. Hilo la mwisho ndilo linaloyapa mazungumzo uhai, kwa sababu mtu akikuletea hukumu iliyokamilika huna la kufanya ila kuikubali au kuikataa, lakini akikuletea shaka yake anakukaribisha uifikiri pamoja naye. Aliyekisoma kitabu hicho zamani atatamani kukichukua tena aone kama shaka hiyo ina msingi. Kitabu chenyewe kilitoka mara ya kwanza mwaka 1951, na swali la msomaji wetu bado ni bichi.

Jizuie na vivumishi vya jumla. "Kinasisimua", "kinafundisha" na "kimeandikwa vizuri" ni maneno yanayovaliwa na kila kitabu bila kubana wala kupwaya. Mahali pake sema kitabu kilikufanya nini. Ulirudi nyuma kurasa tatu ili kuhakikisha hukukosea? Ulisoma aya moja kwa sauti ingawa ulikuwa peke yako? Ulikifunga kwa hasira, ukakaa siku mbili, ukakifungua tena? Matendo haya hayadanganyi, na msikilizaji huyaamini kuliko sifa.

Vitabu havifanani, na namna ya kuvieleza nayo isifanane. Kitabu cha hoja, kiwe cha historia, sayansi au siasa, kieleze kwa kutaja dai lake kuu kwa sentensi moja ambayo mwandishi mwenyewe angeikubali, kisha useme kama mpaka hapo ulipofika umeridhika au la, na ni ushahidi gani uliokuyumbisha. Hapa huna siri ya kuficha. Unachopaswa kujihadhari nacho ni kumwekea mwandishi maneno ambayo hakuyasema, kosa linalotendeka kirahisi na mtu aliyefika nusu, kwa kuwa waandishi wa hoja wana desturi ya kueleza kwanza maoni wanayokusudia kuyapinga. Ukiwa huna hakika kama lile ni dai lake au la mpinzani wake, sema hivyo.

Ushairi unataka kitu kingine kabisa. Usiusimulie. Shairi likisimuliwa maudhui yake hubaki makavu, kwa sababu lililokuwa likikushika ni mizani na vina na jinsi kibwagizo kinavyorudi kila mara kikiwa na uzito mpya. Chagua ubeti mmoja, usome kwa sauti, usome tena polepole, kisha useme ni neno gani lililokuzuia usiendelee. Nimeona watu waliodai kwamba hawapendi mashairi wakiomba kuazimwa diwani baada ya kusomewa ubeti mmoja kwa namna hiyo, na sijawahi kuona muhtasari wa shairi ukifanya kazi hiyo.

Usimmalizie mwenzako uhondo

Riwaya ya upelelezi ndiyo inayotajwa kila mara katika jambo hili, na kwa haki. Mchezo wa kuigiza wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap ulianza kuonyeshwa London mwaka 1952, na kwa desturi watazamaji huombwa mwishoni wasimwambie mtu yeyote muuaji ni nani. Ombi hilo linategemea hisani ya watu wasiojuana, na nalitamani liwe desturi ya wasomaji wote.

Lakini uhondo si jina la muuaji peke yake. Katika riwaya nyingi jambo la kulindwa ni dogo zaidi na ni rahisi kukuponyoka. Ukisema "subiri mpaka ufike sura ya tisa", umeshamharibia mwenzako sura nane, kwa sababu atazipita mbiombio akiitafuta hiyo ya tisa. Ukisema "mume wake simpendi hata kidogo" kwa mtu ambaye katika sura anayosoma mhusika unayemzungumzia bado hajaolewa, umemwambia ataolewa. Ukisema "inasikitisha sana", umemwambia aanze kuomboleza kabla ya msiba. Aliyemaliza kitabu husahau kwamba kuna wakati naye hakujua, na kwa hiyo humwaga siri bila nia mbaya hata kidogo.

Kanuni ninayoifuata ni rahisi. Kwa mtu ambaye hajaanza kitabu, nasema tu yale ambayo mwandishi mwenyewe ameyaweka wazi katika sura ya kwanza au ya pili. Kwa mtu anayekisoma, namuuliza kwanza "umefika wapi?" na sivuki mpaka wake hata kwa sura moja. Kwa aliyemaliza nafungua kinywa, lakini si mbele ya wasiomaliza. Tukiwa wengi na mmoja wetu yuko nyuma, yeye ndiye anayeamua mpaka wa mazungumzo, kama vile kundi la wasafiri linavyofuata mwendo wa aliye mchovu. Wapo wasemao kwamba kitabu kikongwe hakina siri tena, kwa kuwa kila mtu amekwisha kusikia. Siafikiani nao. Kitabu cha miaka mia moja ni kipya kwa anayekifungua leo, na haki ya kushtuka hailingani na umri wa kitabu.

Kunukuu na kuazimana

Sentensi moja iliyochaguliwa vyema humfikisha mwenzako kwenye kitabu haraka kuliko maelezo yako yote. Inakili neno kwa neno, pamoja na alama zake, taja mwandishi, kitabu na ukurasa, na ukikata maneno katikati onyesha kwa nukta tatu. Mkataba wa Berne unaolinda kazi za fasihi na sanaa, uliosainiwa mwaka 1886 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, unaruhusu kunukuu kutoka katika kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma kwa njia halali, ilimradi nukuu ilingane na desturi ya haki, isizidi kiasi kinachohitajika, na chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Sentensi mbili au aya moja ya kuonyesha jambo unalolizungumzia haimdhuru mwandishi. Kumtumia mwenzako picha za sura nzima, au nakala ya kitabu kizima iliyopigwa chapa kinyemela, ni jambo jingine. Najua hufanywa kwa ukarimu, na mara nyingi kwa sababu kitabu hakipatikani kwa urahisi, lakini anayelipia ukarimu huo ni mwandishi ambaye huenda alikesha miaka mitatu juu ya kurasa hizo. Mwazime mwenzako nakala yako, au mwelekeze maktaba.

Kuazima nako kuna raha yake katika kuelezana vitabu. Mwandishi wa Kiingereza Charles Lamb, katika insha aliyoichapisha mwaka 1820, alimsifu rafiki yake, mshairi Samuel Taylor Coleridge, kwa kurudisha vitabu vikiwa vimejaa maelezo pembeni mwa kurasa, kiasi kwamba thamani yake iliongezeka maradufu na zaidi. Si kila mtu atafurahi kurudishiwa kitabu kilichoandikwaandikwa, kwa hiyo uliza kabla, na kila mara tumia penseli. Lakini wawili wanaokubaliana kufanya hivyo wanapata mazungumzo yasiyohitaji wakutane.

Vitabu vya kuonea haya, na vile ulivyoviacha

Wapo watu ambao wakiulizwa wanasoma nini hujibu kwa kitabu kilicho juu ya meza, si kile kilicho chini ya mto. Hutaja kitabu kizito ambacho hawajakigusa kwa wiki mbili, na kukificha kile cha mapenzi au cha vichekesho wanachokisoma kila usiku. Nawasihi waache. Hadithi nyepesi inayokurudisha kwenye kurasa zake siku baada ya siku ina jambo inalolijua, na ukijaribu kueleza ni jambo gani utagundua kwamba si rahisi hata kidogo. Kitabu cha watoto unachomsomea mtoto kwa mara ya ishirini kinahesabika. Kitabu cha dini kinahesabika, na kamusi unayoipekua kwa raha pia. Anayesikiliza kwa masikio amesoma, wala hana deni la kujieleza.

Kuacha kitabu njiani nako si aibu. Mwandishi wa Ufaransa Daniel Pennac, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu usomaji, aliorodhesha haki kumi za msomaji, na miongoni mwake imo haki ya kutomaliza. Ukiacha, sema umeachia wapi na kwa nini, na utenganishe sababu za kitabu na sababu zako. "Niliacha sura ya sita kwa sababu mwandishi anaeleza upya kila alichokwisha kukionyesha" ni sababu ya kitabu. "Niliacha kwa sababu nilifiwa, na kitabu kilikuwa cha msiba" ni sababu yako, na mwenzako akiisikia hatakiogopa kitabu hicho, bali atajua cha kukuuliza na cha kutokuuliza. Haki ya kumi katika orodha ya Pennac ni haki ya kunyamaza. Mtu akikuambia kwamba yupo kitabuni na asingependa kusema zaidi, mwache. Kuna vitabu vinavyosomwa kama vile mtu anavyouguza jeraha.

Kumjibu anayekueleza

Nimeeleza kirefu habari ya msemaji, lakini mazungumzo mengi ya vitabu huharibiwa na msikilizaji. Akisikia jina la kitabu anachokijua hudakia: "Ah, hicho nilikisoma zamani." Kisha huanza kutoa maoni yake, na yule aliyekuwa na kitabu kibichi moyoni hubaki akitikisa kichwa. Ukiwa umekisoma, sema hivyo kwa kifupi, kisha umwachie nafasi. Wewe umekuwa na kitabu hicho kwa miaka mingi, na mwenzako anacho kwa siku hizi chache tu.

Uliza maswali ambayo aliye katikati anaweza kuyajibu. "Unamwamini msimulizi?" ni swali zuri. "Unadhani itakwendaje?" ni zuri zaidi, mradi wewe nawe hujui, au unaweza kuuzuia uso wako. "Kinahusu nini?" ni swali baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu linamlazimisha msomaji atoke mahali alipo apande juu aone kitabu kizima, na kizima bado hakijakuwapo. Mahali pake muulize: "Jana ulikiachia wapi?" Atakuambia, na katika kukuambia hapo alipoachia atakueleza kinahusu nini bila kujua.

Kikundi ambacho kila mtu ana kitabu chake

Vikundi vingi vya wasomaji hukubaliana kitabu kimoja na tarehe moja, na hufa kwa sababu hiyohiyo, maana waliochelewa huona haya kuja. Kuna njia nyepesi zaidi. Mwaka 2012 marafiki wawili huko San Francisco walianza kukutana wakisoma kimya, kila mmoja na kitabu chake, na utaratibu huo ukaenea nchi nyingi kwa jina la Silent Book Club. Watu huja na chochote wanachokisoma, husoma pamoja kwa muda wa kama saa moja, kisha anayetaka husema na asiyetaka hunyamaza.

Ukianzisha kikundi cha namna hii, weka watu wasiozidi wanane kwa mazungumzo, na ukipata zaidi wagawe. Mpe kila mmoja dakika tatu, na anayeongoza awe wa mwisho kusema, wala asiwe yuleyule kila mara. Anayezungumza aseme kitabu, alipofika, na jambo moja. Wengine wamuulize swali moja au mawili, basi. Awepo mtu wa kuandika majina ya vitabu na ya waandishi kwa tahajia iliyo sahihi, kwa sababu kitabu kilichosikika vibaya hakitafutiki. Atakayekuja bila kitabu akaribishwe vilevile, na asiulizwe sababu.

Mkikutana mara ya pili, anzeni na wale ambao walikuwa na shaka mara ya kwanza. Yule aliyejiuliza kwa nini wasikilizaji wanamwacha Karama aseme yote hayo, aulizwe amefika wapi na shaka yake. Hapo ndipo kile kipande cha karatasi kinapofaa, kwa sababu mtu akishamaliza kitabu hudhani kwamba tangu mwanzo alijua. Asome kwa sauti alichoandika akiwa ukurasa wa 63, kisha aseme angeandika nini leo. Kitabu kikienda kwa msomaji mwingine, karatasi hiyo itolewe kwanza ihifadhiwe, na ndani yake iwekwe nyingine tupu, pamoja na penseli.